Kodi ya halmashauri Uingereza: bweni, nyumba ya pamoja, chumba kwa mwenye nyumba au pango la muda mfupi?

Mwanafunzi anayetoka Dar es Salaam au Mombasa kwenda kusoma Uingereza mara nyingi hufika akiamini kwamba kodi ya jengo ni shauri la mwenye jengo. Nchini Kenya mwenye mali ndiye anayelipia kaunti ada za ardhi yake, na Tanzania Bara kodi ya majengo imekuwa ikikatwa tangu mwaka 2021 wakati wa kununua umeme wa LUKU, yaani wa kulipia kabla, kiasi kwamba mpangaji huweza kuilipa kidogo kidogo bila kuandikiwa barua yoyote. England, Wales na Uskoti zina utaratibu mwingine. Huko kodi inayolipwa serikali za mitaa, ambayo bahasha zake huandikwa Council Tax, kwa kawaida hudaiwa kwa yule anayeishi ndani ya nyumba, awe ameinunua au ameipanga. Ireland ya Kaskazini haina kodi hiyo, bali ina tozo zake za majengo, na haimo katika ulinganisho huu.

Kodi hii ilianza Aprili 1993 chini ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1992, ikichukua nafasi ya kodi ya kichwa ambayo ilikuwa imezua ghasia London mwaka 1990. Kila nyumba huwekwa katika daraja linalotajwa kwa herufi, kuanzia A hadi H, isipokuwa Wales ambako madaraja hufika I. Huko England daraja hutegemea thamani ambayo nyumba ingekuwa nayo tarehe 1 Aprili 1991, hata kama ilijengwa mwaka jana. Kwa mwaka wa fedha 2025/26 wastani wa daraja D England ulikuwa paundi 2,280. Daraja A hulipa theluthi mbili ya daraja D, na daraja H hulipa mara mbili yake. Kwa mwanafunzi anayehesabu kila paundi kabla ya kusaini mkataba, tofauti kati ya kulipa kiasi hicho na kutolipa chochote inaweza kuwa kubwa kuliko tofauti ya pango kati ya mtaa mmoja na mwingine.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kudhani kwamba msamaha ni wa mwanafunzi mwenyewe, kana kwamba anatembea nao mfukoni. Sivyo. Msamaha kamili ni wa nyumba, na nyumba huupata pale tu ambapo kila mtu mzima anayeishi humo ni mwanafunzi au mtu mwingine anayetambuliwa na sheria pamoja naye. Mwanafunzi peke yake ana haki ndogo zaidi, nayo ni kutohesabiwa wakati halmashauri inapohesabu watu wazima. Ankara kamili huchukulia kwamba nyumba ina watu wazima wawili au zaidi. Akibaki mmoja anayehesabiwa, kuna punguzo la asilimia 25. Asipobaki hata mmoja lakini nyumba haina sifa ya msamaha, punguzo huwa asilimia 50.

## Vigezo vya ulinganisho

Kila aina ya makazi hapa chini imepimwa kwa maswali yaleyale. Ankara hutoka kwa jina la nani? Kiasi kinachodaiwa ni kipi? Ni tukio gani linaloweza kubadilisha hali hiyo katikati ya mwaka? Ni karatasi gani unazopaswa kuwa nazo? Na mwisho, makazi hayo yanamfaa nani?

Kabla ya hayo, hakikisha kwamba wewe ni mwanafunzi machoni pa sheria hii. Kozi yako inapaswa kudumu angalau mwaka mmoja wa masomo, kuwa na angalau wiki 24 za masomo ndani ya mwaka, na kukutaka ujishughulishe na masomo kwa wastani wa angalau saa 21 kwa wiki katika vipindi hivyo, ukijumlisha vipindi vya darasani na kujisomea. Wenye umri chini ya miaka 20 wanaosoma hadi kiwango cha mtihani wa kuingilia chuo kikuu wana masharti mepesi zaidi: kozi ya zaidi ya miezi mitatu na angalau saa 12 kwa wiki. Anayesoma kwa muda wa ziada baada ya kazi hayumo, na kozi nyingi za lugha za saa 15 kwa wiki haziufikii mstari huo. Kibarua cha saa 20 kwa wiki ambacho viza ya mwanafunzi huruhusu wakati wa muhula hakikuondolei hadhi hiyo, na likizo ya kiangazi kati ya mwaka wa kwanza na wa pili pia haikuondolei. Hadhi huanza siku kozi inapoanza na hukoma siku kozi inapokwisha kwa mujibu wa chuo, bila kusubiri sherehe ya mahafali.

## Bweni la chuo na majengo binafsi ya wanafunzi

Katika bweni linaloendeshwa na chuo hakuna ankara inayomfikia mkaazi. Jengo zima lina msamaha wake, unaotokana na kuwa limetengwa hasa kwa ajili ya wanafunzi, na kwa hiyo hata jirani yako wa chumba akimaliza kozi mapema wewe huguswi. Unacholipa ni pango tu, ambalo kwa kawaida hujumuisha umeme, maji na intaneti. Karatasi unazohitaji ni chache mno, kwani chuo chenyewe ndicho kinachojua nani amelala wapi.

Majengo binafsi yaliyojengwa kwa ajili ya wanafunzi yanafanana na bweni kwa sura, lakini kisheria si lazima yawe bweni. Mengi yake hupata msamaha kwa kila fleti au studio (chumba kimoja chenye jiko na bafu lake) peke yake, kwa kigezo cha kukaliwa na wanafunzi watupu, na ndiyo maana uongozi wa jengo hukudai barua ya uthibitisho wa masomo mapema. Ukimkaribisha mwenza asiye mwanafunzi ahamie katika studio yako, au ukibaki humo wiki kadhaa baada ya kozi kwisha, msamaha wa studio hiyo unaweza kuondoka na ankara ikaja kwa siku hizo. Uliza kabla ya kusaini ni aina gani ya msamaha jengo linalo. Ni swali moja linalojibiwa kwa barua pepe moja.

Makazi haya yanamfaa anayefika kwa mara ya kwanza, anayekuja peke yake, na asiyependa kuandikiana barua na ofisi. Ubaya wake ni bei na kukosa uhuru wa kuchagua unayeishi naye.

## Nyumba nzima ya wanafunzi watupu

Hapa wanafunzi wanne au watano hupanga nyumba kwa mkataba mmoja. Nyumba ikikaliwa na wanafunzi peke yao, kodi ni sifuri. Uskoti kuna faida ya nyongeza: ada ya maji na majitaka hukusanywa pamoja na kodi hii, na nyumba iliyosamehewa kwa sababu ya wanafunzi husamehewa ada hiyo pia.

Msamaha huu hauji wenyewe. Halmashauri haijui kwamba mmehamia, na mara nyingi barua ya kwanza huelekezwa kwa jina la mpangaji yeyote ambaye wakala amelitaja. Kila mmoja wenu anapaswa kupata cheti cha mwanafunzi kutoka chuoni, na vyote vipelekwe halmashauri pamoja, kwani cheti kimoja kikikosekana nyumba nzima huonekana kuwa na mtu asiye mwanafunzi. Chuo kinalazimika kukupa cheti hicho ukiwa unasoma, lakini hakilazimiki tena ukikiomba zaidi ya mwaka mmoja baada ya kumaliza. Vitunzeni.

Hatari iko katika ncha mbili za mwaka. Mkataba ukianza Agosti na kozi ikaanza mwishoni mwa Septemba, mwanafunzi mpya aliyehamia mapema bado hajawa mwanafunzi kwa wiki hizo. Vivyo hivyo, anayemaliza shahada ya kwanza mwezi Juni wakati mkataba unafika mwisho wa Julai au Agosti anakuwa mtu wa kuhesabiwa katika siku zilizobaki, hata kama Septemba ataanza shahada ya uzamili. Kodi hii huhesabiwa kwa siku, kwa hiyo deni si la mwaka mzima. Lakini linaweza kutosha kumeza akiba ya nauli ya kurudi nyumbani.

Inawafaa marafiki wanaosoma kozi za urefu mmoja na zinazomalizika wakati mmoja. Kundi la watu wawili wa uzamili wa miezi kumi na miwili na watatu wa mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza lina uwezekano mkubwa wa kupishana tarehe.

## Nyumba ya mchanganyiko

Hili ndilo eneo linalozua ugomvi mwingi miongoni mwa watu wetu, kwa sababu tumezoea kuishi na ndugu na jamaa, na kwa sababu majibu hubadilika kulingana na jina lililo kwenye mkataba.

Tuchukue kwanza hali ya kawaida: wanafunzi watatu na mfanyakazi mmoja, wote wakiwa wapangaji katika mkataba mmoja. Nyumba haina tena msamaha. Anayehesabiwa ni mmoja, kwa hiyo kuna punguzo la asilimia 25, na katika nyumba ya wastani wa daraja D uliotajwa hapo juu ankara ni paundi 1,710 kwa mwaka, yaani 171 kwa kila awamu ikilipwa kwa awamu kumi za kawaida. Anayedaiwa na halmashauri ni yule mfanyakazi peke yake. Wapangaji wa mkataba mmoja kwa kawaida hudaiwa kwa pamoja, lakini sheria ilibadilishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ili wanafunzi wasiunganishwe kwenye deni la mpangaji mwenzao asiye mwanafunzi. Wafanyakazi wakiwa wawili, punguzo huondoka na wote wawili hudaiwa kiasi chote kwa pamoja.

Je, ni haki wanafunzi wamwachie mwenzao mzigo wote? Kwa sheria hawadaiwi na halmashauri. Kwa maoni yangu, hata hivyo, mfanyakazi ambaye kuwepo kwake kumepunguza pango la kila mmoja anastahili kuambiwa mapema jinsi mtakavyogawana, na makubaliano hayo yaandikwe kabla ya kuhamia. Soma pia mkataba wa upangaji, kwa kuwa baadhi yake una kifungu kinachowataka wapangaji wote wahakikishe kodi inalipwa. Deni la kifungu hicho ni kati yenu na mwenye nyumba, nalo ni tofauti na deni la halmashauri.

Sasa hali ya pili, inayofanana na ya kwanza kwa macho tu. Mwanafunzi amepanga fleti kwa jina lake peke yake, kisha binamu aliyepata kazi katika mji uleule anakuja kujishikiza na hatimaye anahamia kabisa. Sheria huangalia ngazi ya haki ya kila mtu ndani ya nyumba: mwenye nyumba anayeishi humo hutangulia, kisha mpangaji, kisha aliyekaribishwa tu. Hapa mpangaji ni mwanafunzi na binamu ni mgeni aliyekaribishwa, kwa hiyo ankara ya asilimia 75 hutoka kwa jina la mwanafunzi. Binamu akiingizwa kwenye mkataba kama mpangaji mwenza, deni huhamia kwake. Mgeni wa wiki mbili mwenye makazi yake kwingine habadilishi chochote. Kinachobadilisha ni nyumba yako kuwa makazi yake makuu.

Hali ya tatu ni ya wanandoa. Mume au mke wa mwanafunzi asiye raia wa Uingereza, ambaye masharti ya ruhusa yake ya kuishi nchini humo yanamzuia kufanya kazi ya malipo au kupokea mafao ya umma, hahesabiwi, na nyumba yenye mwanafunzi na mwenza wa aina hiyo peke yao hupata msamaha kamili. Liangalie hilo neno «au»: viza nyingi za wategemezi huruhusu kazi lakini hukataza mafao, na kukatazwa kimoja kunatosha. Ambatisha nakala ya masharti ya viza pamoja na cheti cha mwanafunzi. Jambo hili linawahusu zaidi wanaosoma uzamivu na shahada za utafiti, na wale waliofadhiliwa na serikali, kwa kuwa tangu Januari 2024 wanafunzi wengine wengi hawaruhusiwi kuja na wategemezi.

Jambo jingine ni muhimu kwa kila mwenye viza. Msamaha wa wanafunzi na punguzo la mtu mmoja si mafao ya umma. Lakini upo msaada mwingine wa kupunguza kodi hii unaotolewa kwa wenye kipato kidogo, na huo umeorodheshwa kuwa mafao ya umma katika kanuni za uhamiaji. Fomu zake mara nyingine huwa kwenye ukurasa uleule wa tovuti ya halmashauri. Usiijaze kabla ya kupata ushauri wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni.

Nyumba ya mchanganyiko inamfaa mfanyakazi mwenye kipato cha uhakika anayependa pango dogo, na wanafunzi waliokubaliana naye kwa maandishi. Haimfai mwanafunzi ambaye jina lake ndilo pekee kwenye mkataba na mlango wake hauna kufuli kwa jamaa.

## Chumba ndani ya nyumba ya mwenyewe, au chumba kwa mkataba wake

Ukipanga chumba katika nyumba ambayo mwenyewe anaishi humo, ankara ni yake. Wewe hulipi halmashauri, uwe mwanafunzi au mfanyakazi. Tofauti iko upande wake: mwenye nyumba anayeishi peke yake hupata punguzo la asilimia 25, naye hulipoteza akimpangisha mfanyakazi lakini halipotezi akimpangisha mwanafunzi. Hiyo ni hoja halali ya kupatana bei, na ni wachache wanaoitumia. Mpe cheti chako akipeleke.

Nyumba ambayo kila mpangaji ana mkataba wa chumba chake na wote hutumia jiko moja huhesabiwa kuwa nyumba ya kaya nyingi, na anayedaiwa ni mwenye nyumba. Tangu tarehe 1 Desemba 2023 nyumba za namna hii England huthaminiwa kama nyumba moja, badala ya kila chumba kupewa daraja lake na mpangaji kuletewa ankara ya chumba. Hata kundi lenye mkataba mmoja lifanye bidii kuiuliza halmashauri kama nyumba imeorodheshwa hivyo, kwani jibu linaweza kuliondoa deni kwao na kulipeleka kwa mwenye nyumba.

Makazi haya yanamfaa anayesoma kwa muda wa ziada, aliyemaliza kozi akasubiri viza ya wahitimu, na yeyote ambaye hadhi yake itabadilika ndani ya mwaka. Gharama yake ni faragha.

## Pango la muda mfupi

Kuna uvumi kwamba anayekaa chini ya miezi mitatu, au chini ya sita, hadaiwi kodi. Hakuna kipindi kama hicho. Anayeishi katika fleti inayojitegemea kama makazi yake makuu anaweza kudaiwa tangu siku ya kwanza, kwa hesabu ya siku.

Mgeni wa Airbnb au fleti ya kulala wageni hapokei ankara, kwa kuwa makazi yake makuu yako kwingine. Mwenye nyumba ndiye anayelipa kodi ya halmashauri, au tozo za biashara endapo nyumba inatimiza masharti: England ni kuwa wazi kwa wageni usiku 140 na kukaliwa usiku 70 kwa mwaka; Wales ni usiku 252 na 182. London kuna kikwazo cha ziada, kwamba nyumba nzima haiwezi kukodishwa kwa wageni wa muda mfupi zaidi ya usiku 90 kwa mwaka bila kibali cha mipango miji, na ndiyo sababu ya mwenyeji kukukatalia kuongeza muda mwishoni mwa mwaka.

Mambo hugeuka pale «muda mfupi» unapokuwa nyumba yako pekee. Mfanyakazi aliyetumwa wiki nane akiwa na familia na nyumba Nairobi ana makazi makuu Nairobi, na mwenye fleti ndiye anayewajibika. Aliyehama moja kwa moja na kukaa miezi minne katika studio inayojitegemea hana nyumba nyingine ya kuionyesha. Tangazo likisema «bili zote zimo», hayo ni maneno kati yako na mwenye nyumba. Halmashauri itamdai yule ambaye sheria inamtaja, na ni juu yako kumdai mwenye nyumba akurudishie. Taka mkataba uitaje kodi ya halmashauri kwa jina.

Urefu wa mkataba nao una uzito wake. Aliyesaini mkataba wa muda maalumu wa miezi sita au zaidi kisha akahama mwezi wa tatu anaweza kuendelea kudaiwa hadi muda uliosainiwa uishe, ingawa haishi tena humo. Kuanzia tarehe 1 Mei 2026 upangaji mwingi wa watu binafsi England hauna tena muda maalumu, na mpangaji huondoka kwa notisi ya miezi miwili. Bado deni hufuata upangaji hadi unapokwisha kisheria, kwa hiyo kukabidhi funguo kabla ya notisi kumalizika hakusimamishi hesabu.

Pango la muda mfupi linamfaa mwenye makazi ya kweli kwingine, na anayehitaji wiki chache za kutafuta nyumba. Anayekuja kuishi atafute kitu kingine mapema.

## Kwa hali yako

Ukiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza na huna mtu wa kukusaidia barua, bweni la chuo lina usumbufu mdogo kuliko yote, hata pango lake likizidi kidogo.

Ukiwa na kundi la kozi moja, chukueni nyumba nzima, lakini linganisheni tarehe za mkataba na tarehe za kozi za kila mmoja kabla ya kulipa amana.

Ukiwa na mwenza aliyekuja kwa viza ya mtegemezi, fleti ya peke yenu inaweza kuwa na kodi sifuri. Mkimkaribisha mtu wa tatu anayefanya kazi, hesabu inaanza upya.

Ukiwa unamaliza kozi na mkataba bado unaendelea, iandikie halmashauri wewe kwanza. Asiyelipa awamu hupata ukumbusho, kisha hupoteza haki ya kulipa kwa awamu na kutakiwa kiasi chote kilichobaki cha mwaka, na baada ya hapo shauri hufika kwa mahakimu na madalali wa mahakama.

Ukiona umedaiwa isivyo haki, andika pingamizi kwa halmashauri, ambayo ina miezi miwili ya kujibu. Isipojibu au ikikataa, England shauri hupelekwa bila ada kwenye Baraza la Uthamini, ambalo ni huru na halmashauri. Wakati huo unaposubiri, ankara iliyopo huendelea kuhesabika kuwa deni, kwa hiyo omba kwa maandishi ukusanyaji usimamishwe hadi uamuzi utoke, au lipa ukidai kurudishiwa.